Nembo ya Campbell kwenye kadi ya harusi: ni yetu au si yetu?

Swali: "Sisi ni Campbell wa Kisumu. Baba yake babu alikuwa Mskoti, fundi wa karakana ya reli miaka ya 1930. Babu alizaliwa hapa kwa mama Mjaluo, akapewa jina la babake, na jina hilo limeshuka hadi kwetu. Kaka yangu anaoa Desemba. Nimeona duka la mtandaoni la Marekani linauza 'Nembo ya Familia ya Campbell' kwa dola 89, pamoja na fremu na kurasa tatu za historia ya jina. Nilitaka kuichapisha kwenye kadi za harusi, kuichonga kwenye pete ya bwana harusi na kuichomelea kwenye geti. Baba mdogo anasema tutashtakiwa. Binamu anasema hatuhitaji ruhusa ya mtu kwa sababu sisi ni damu ya Duke wa Argyll, mkuu wa ukoo wa Campbell. Nani yuko sahihi? Na tunaanzia wapi kujua asili yetu? Babu alishafariki, na hatuna hakika kama wazazi wake walifunga ndoa."

Ndugu yangu, hongereni kwa harusi. Nianze na jibu fupi kabla hujalipa zile dola 89: picha ile usiichapishe kwenye kadi, usiichonge kwenye pete, na geti liache lilivyo. Baba mdogo ametisha kupita kiasi, na binamu amejitawaza bila hati. Aliyekosea kuliko wote ni mwenye duka, ila yeye anakosea huku akilipwa. Jina Campbell ni lenu, hakuna wa kuwanyang'anya. Nembo ina habari yake.

Kosa la msingi liko kwenye maneno yenyewe, "nembo ya familia". Scotland na Uingereza hakuna nembo ya jina la ukoo. Nembo hupewa mtu mmoja, kwa hati, na baada yake huwafuata warithi wake halali. Ifananishe na hati ya shamba. Kama kuna Otieno mwenye ekari kumi kule Ahero, akina Otieno wengine wote wa Nyanza hawana fungu humo kwa sababu tu wanaitwa Otieno. Mwenye duka amefanya hivi: amefungua orodha kubwa ya nembo iliyochapishwa karne ya 19, akatafuta herufi C, akachukua nembo ya Campbell mmoja, na sasa anamuuzia kila Campbell duniani.

Nadhani sisi huku hunaswa upesi kwa sababu tumezoea utaratibu mwingine. Baganda wana muziro: aliyezaliwa katika ukoo wa Mmamba, kamongo ni alama yake na hamli, na haki hiyo anaipata kwa baba yake bila kuomba ofisi yoyote. Alama ni ya ukoo mzima, maskini na tajiri sawasawa. Tukiona ngao yenye jina Campbell tunafikiri ni muziro wa Kizungu. Ni mali ya mtu, yenye mwenyewe na mrithi.

Chukua mfano wa jina linalojulikana kila darasa. Mwaka 1596 John Shakespeare, baba yake mwandishi William, alipewa nembo jijini London: ngao ya dhahabu, ukanda mweusi uliolala mshazari, na juu ya ukanda mkuki wa dhahabu wenye ncha ya fedha. Mwaka huohuo Hamnet, mtoto pekee wa kiume wa William, alifariki. William mwenyewe alipokufa mwaka 1616 aliacha mabinti wawili, na ndugu zake wa kiume hawakuacha kizazi cha kuendeleza mstari huo. Kwa hiyo leo hakuna mtu anayeitwa Shakespeare mwenye haki ya ngao ile kwa kumrithi John, na bado maduka yanaiuza kwa kila mwenye jina hilo.

Scotland ni wakali zaidi ya London. Huko msimamizi ni Lord Lyon, afisa wa nembo ambaye pia ni hakimu, na mahakama yake iko Edinburgh. Sheria ya mwaka 1672 iliamuru nembo zote ziandikishwe katika daftari moja, na daftari hilo linaendelea hadi leo. Ngao kamili, isiyo na mabadiliko, huwa ya mtu mmoja tu kwa wakati mmoja, yaani mrithi mkuu. Mdogo wake, hata wa tumbo moja, hana budi kupeleka maombi ili aandikishwe upya na ngao yake ipewe tofauti, mara nyingi pindo la rangi kuizunguka. Sasa ikiwa mdogo wa Duke mwenyewe hawezi kutumia ngao ya kaka yake jinsi ilivyo, hoja ya binamu yako inaanguka hata kama damu mnayo.

Hebu itazame ile picha kwa karibu. Naamini utaona ngao iliyogawanywa pembetatu nane zinazokutana katikati, dhahabu na nyeusi zikipokezana, kama chapati iliyokatwa vipande vinane. Hiyo ndiyo alama ya kale ya Campbell. Duke wa Argyll, mkuu wa ukoo, huiweka katika robo mbili za ngao yake, na robo mbili nyingine zina jahazi jeusi la makasia lililokunja tanga, alama ya ubwana wa Lorne. Matawi mengine yana tofauti zao. Campbell wa Loudoun, kwa mfano, waliacha dhahabu na nyeusi wakatumia nyekundu na manyoya meupe ya kicheche. Kwa hiyo hata ukisema "ngao ya Campbell", swali linalofuata ni: ya Campbell yupi?

Juu ya ngao kuna kofia ya chuma, na juu ya kofia kuna kishungi. Watu wengi huita picha nzima kishungi, kumbe kishungi ni kile kipande cha juu tu. Cha mkuu wa Campbell ni kichwa cha nguruwe mwitu. Naomba ulifikirie hilo kabla hata ya sheria: kama kwa wakwe au majirani wamo Waislamu, mngekuwa mmewapelekea kila nyumba kichwa cha nguruwe ndani ya bahasha ya harusi.

Sasa tazama utepe. Kama umeandikwa "CAMPBELL" kwa herufi kubwa, umeshajua ni kitu cha watalii. Kwa kawaida utepe wa nembo halisi hubeba kauli ya mwenyewe, na kauli ya Duke ni Ne Obliviscaris, Kilatini cha "usisahau". Zile kurasa zinazosema dhahabu maana yake ni ukarimu na nyeusi ni uthabiti, zipuuze. Rangi huchaguliwa ili zionekane kwa mbali. Kanuni iliyopo ni ya kiufundi: dhahabu na fedha ni madini, nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau ni rangi, rangi haiwekwi juu ya rangi, wala madini juu ya madini, kwa sababu askari aliye mbali hangetofautisha. Mfano unao nyumbani. Ngao ya Kenya ni nyeusi, nyekundu na kijani, zote rangi, ndiyo maana mistari myeupe imepitishwa katikati kuzitenganisha. Na nyeupe kwenye ngao huhesabiwa kuwa fedha, kwa hiyo jogoo mweupe anasimama vizuri kabisa juu ya nyekundu. Toa sarafu ya shilingi 20 uangalie sehemu nyingine: simba wawili wanaoishika ngao, mlima walipokanyaga, na Harambee chini. Wanyama washika ngao wa namna hiyo, Scotland hupewa wachache tu, wakiwemo makabaila na wakuu wa koo. Duka likikuchorea simba wawili kama zawadi ya nyongeza, limekupandisha cheo bila idhini ya mtu.

Kuhusu maana ya jina, hapa nina habari nzuri zaidi kuliko za dukani. Campbell ni lakabu ya Kigaeli, lugha ya kale ya Scotland: cam ni kilichopinda, beul ni mdomo. Mdomo-upande, kwa ufupi. Majirani zao Cameron huelezwa hivyohivyo, kwamba jina lao linatokana na pua iliyopinda. Kuna hadithi kwamba jina lilitoka Normandi, kutoka maneno ya Kilatini ya "uwanja mzuri". Hiyo ilitungwa baadaye na watu walioona aibu kuitwa mdomo-upande, na hata ile herufi p katikati ya jina ni masalia ya tafsiri hiyo. Mkuu wa ukoo hadi leo huitwa kwa Kigaeli MacCailein Mòr, mwana wa Colin Mkubwa, kumkumbuka Colin Campbell aliyeuawa vitani katika miaka ya 1290.

Lakini si kila Campbell ni wa damu ya huyo Colin. Wapangaji na wafuasi walichukua jina la bwana wa ardhi ili wapate ulinzi. Mwaka 1603 jina MacGregor lilipigwa marufuku kwa sheria, na baadhi ya waliokuwa wakiitwa hivyo wakajiita Campbell. Jamaika imejaa akina Campbell kwa sababu ya mashamba ya utumwa, ambako jina lilikuwa la mwenye shamba au msimamizi. Jina husafiri kwa njia nyingi, na damu ni moja tu kati yake. Baba yake babu yenu anaweza kuwa mzao wa mkulima, mvuvi au MacGregor aliyejificha. Karatasi ndizo zitakazosema.

Nije kwenye lile ulilotaja mwishoni kwa sauti ya chini. Kama wazazi wa babu hawakufunga ndoa, hilo halipunguzi chochote katika jina lenu wala katika kuwa kwenu vitukuu vya mtu huyo. Sheria ya Scotland imefuta ubaguzi kati ya mtoto wa ndani na wa nje ya ndoa karibu katika kila jambo, ila imebakiza vyeo na nembo. Katika hayo mawili, mtoto wa nje ya ndoa harithi moja kwa moja. Anaweza kumwomba Lord Lyon, naye akampa ngao yenye alama ya tofauti. Nakueleza hili mapema ili lisije likakuumiza baada ya kutumia fedha nyingi.

Kutafuta asili anzeni nyumbani, si Edinburgh. "Campbell wa reli" hatoshi. Ni sawa na kumtafuta "Juma wa bandarini". Mnahitaji majina yake yote, mwaka wa kuzaliwa angalau kwa kukadiria, na mji au parokia aliyotoka. Tafuteni cheti cha kuzaliwa cha babu, cheti cha ndoa yake, kadi ya ubatizo, vyeti vya shule, barua, na picha zilizoandikwa kwa nyuma. Rejista ya ubatizo iulizieni hata kama cheti cha serikali kipo, kwa kuwa mara nyingine padri aliandika jina la baba pale ambapo karani aliacha wazi. Wazee walio hai wahojiwe sasa, mmoja mmoja, simu ikirekodi kwa idhini yao. Msianze na "walioana?" Anzeni na nyumba ilikuwa wapi, aliitwaje na majirani, aliondoka mwaka gani. Huenda bibi mzaa babu hakuwa na hiari kubwa katika uhusiano ule, na wazee wanajua. Wakinyamaza, waachieni nafasi.

Hatua ya pili ni Gazeti Rasmi la Serikali ya Kenya. Matoleo ya enzi ya ukoloni yamewekwa mtandaoni na unaweza kutafuta kwa neno. Humo kuna matangazo ya mirathi ya marehemu, uteuzi na likizo za maafisa. Andika "Campbell" pamoja na "Kisumu", kisha rudia na "Railway". Kinachokosesha watu hapa ni ukungu wa karatasi za zamani: mashine husoma "Carnpbell" au "Campbel", kwa hiyo jaribu makosa hayo pia. Baadaye nendeni Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, mkiwa na jina kamili na miaka, kisha mpite Makumbusho ya Reli. Wakati ule shirika liliitwa Reli na Bandari za Kenya na Uganda. Ukiomba majalada kwa jina la sasa utaambiwa hakuna.

Hatua ya tatu ni meli. Orodha za abiria waliotoka bandari za Uingereza kwenda mbali, za mwaka 1890 hadi 1960, zimehifadhiwa na huonyesha umri, kazi na mara nyingi anwani ya mwisho aliyoacha. Mtu aliyeshuka Mombasa akiwa "fundi mitambo, miaka 28" ndiye wa kumlinganisha na wenu.

Mkishapata umri na mji, ingieni ScotlandsPeople, tovuti ya serikali ya Scotland. Uandikishaji wa lazima huko ulianza tarehe 1 Januari 1855, na vyeti vyao ni vizuri kuliko vya Uingereza: cha kuzaliwa hutaja jina la mama kabla ya kuolewa, na tangu 1861 hutaja pia tarehe na mahali wazazi walipooana. Cheti kimoja hivyo kinakurusha kizazi kizima. Picha za vyeti vya kuzaliwa hufunguliwa baada ya miaka 100, hivyo mtu aliyezaliwa karibu na 1900 mtamwona. Kila picha hulipiwa kidogo, na kosa la kawaida ni kufungua kila John Campbell wa Glasgow hadi salio liishe. Kabla ya kulipa, bana utafutaji kwa mwaka na wilaya. Kabla ya 1855 mtategemea vitabu vya parokia, ambavyo vingine vina mapengo ya miaka mingi.

Kipimo cha vinasaba kinaweza kuwasaidia pale karatasi zinapokatika, kwa sababu mstari wenu ni wa kiume mfululizo: Mskoti, babu, baba, kaka yako. Kromosomu Y hupita baba kwa mwana karibu bila kubadilika, kwa hiyo kaka yako ndiye apime, na achague kipimo cha Y. Kile cha kawaida cha asili kitakuonyesha kwamba takribani asilimia 12.5 ya kaka yako ni ya huyo baba wa babu, na labda kikuletee binamu aliye hai Glasgow au Toronto. Kikikuletea, andika barua fupi yenye adabu, bila madai ya mali. Kipimo cha Y nacho kina mpaka: kikilingana na Campbell fulani, mababu zenu wanaweza kuwa walikutana miaka 60 iliyopita au 600. Tena hakimpi mtu haki ya nembo.

Sasa, mnaruhusiwa nini? Kwanza, beji ya ukoo: kishungi cha mkuu kikiwa kimezungukwa na mkanda wenye kifungo, na kauli imeandikwa kwenye mkanda. Mkanda ule maana yake "mimi ni mfuasi wa mwenye kishungi hiki", na mwenye jina lenu anaweza kuivaa kwenye koti au kofia bila kuomba. Hapo kichwa cha nguruwe kinarudi, mtaamua wenyewe. Pili, kitambaa cha mirabaraba cha Campbell, kijani kibichi, buluu na nyeusi. Hakuna sheria inayokataza mtu kukivaa, na kwa harusi ningechagua hiki: tai ya bwana harusi, au utepe mwembamba kwenye kadi. Tatu, picha ya ngao ukutani sebuleni, ikiwa na maandishi "Ngao ya Duke wa Argyll, mkuu wa ukoo wa Campbell". Hiyo ni picha kama picha ya ikulu. Haidai kuwa nyumba ni yako. Pete, kadi na geti ni tofauti kwa kuwa ndipo mtu husema "hii ni yangu".

Kuhusu kushtakiwa: mahakama ya Lord Lyon inaweza kweli kufungua kesi, lakini mamlaka yake ni Scotland. Hakuna askari atakayekuja Kisumu kwa ajili ya geti. Kaka yako akihamia Edinburgh na kufungua duka lenye ngao ile, hapo maneno ya baba mdogo yatakuwa na uzito.

Kuna njia ya kuwa na nembo yenu halali. Lord Lyon hupokea maombi ya watu wenye asili ya Scotland walio katika nchi za Jumuiya ya Madola, lakini gharama ni maelfu ya pauni na ushahidi lazima uwe vyeti, si masimulizi. Waandikieni kwanza kuuliza, hasa kwa kuwa Kenya ina sheria yake, Sheria ya Chuo cha Nembo, Sura ya 98, ya mwaka 1968. Nembo zinazotolewa chini yake hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi, na nyingi ni za kaunti, vyuo vikuu na mashirika. Kabla ya kumlipa mchoraji, mmoja wenu aulize katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu kama familia inaweza kuomba, na kwa masharti gani. Na msiazime simba na ngao ya taifa. Hizo zinalindwa na sheria nyingine, Sura ya 99.

Wakati wa kumwona mtu ana kwa ana ni huu: mkikwama mwaka mzima kwenye kizazi kimoja, mwajiri mtafiti wa nasaba aliyeko Edinburgh kwa saa chache, mkimpa swali moja lililoandikwa, kwa mfano "wazazi wa fulani aliyezaliwa Paisley kati ya 1898 na 1904 ni nani". Cheti cha babu kikiwa na kasoro ya jina au tarehe, nendeni ofisi ya uandikishaji wa vizazi, na ikibidi muwe na wakili, kabla hamjakitumia popote nje ya nchi.

Mchapaji wa kadi anasubiri, najua. Mpe herufi za mwanzo za maharusi, C ya Campbell kati yake, na mirabaraba ya kijani na buluu pembeni. Kwenye pete chongeni neno Usisahau, ndani, upande wa kidole. Kauli si mali ya kipekee kama ngao, na kwa Kiswahili hakuna atakayeichukua kuwa ya Duke.